Kwa nini ua la Usambara huoza ilhali linapenda unyevu?

Mmea huu mfupi, wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, asili yake ni hapahapa Tanga. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, aliukuta katika nyufa za mawe ya chokaa karibu na mji na pia katika misitu ya Usambara, akaupeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akaupa jina la kitaalamu, Saintpaulia. Sasa hupamba madirisha ya Ulaya na Marekani, na hapa kwao watu wanauua kwa maji.

Porini huota juu ya jiwe lenye kivuli, penye mboji kidogo tu. Hewa ina unyevu, lakini maji hayatuami. Udongo mzito ndani ya chungu kikubwa hufanya kinyume: mizizi hukosa hewa, kisha huoza. Hapo majani hulegea kana kwamba yana kiu, mwenyewe anaongeza maji, basi mambo yamekwisha. Kwa hiyo gusa udongo kwanza. Ukiwa umelowa na majani yamelegea, tatizo si kiu.

Tumia kopo lenye upana wa sentimita 10, lililotobolewa chini. Changanya vipimo 2 vya vumbi la makumbi ya nazi lililosuuzwa chumvi, 1 cha mboji na 1 cha mchanga mnene wa mtoni (wa pwani una chumvi, uache). Udongo wa juu ukikauka, weka kopo kwenye kisahani cha maji kwa nusu saa, kisha mwaga yanayobaki. Maji yaliyo baridi kuliko jani yakilidondokea huacha madoa meupe yasiyofutika, kwa kuwa chembe za jani hupasuka zikipoa ghafla.

Kibaraza kinachopata jua la asubuhi kinafaa. La mchana huunguza. Joto likizidi nyuzi 30, kama Februari hapa Tanga, matumba ya maua hupukutika: usiuweke karibu na bati.

Mizizi ikishaoza, okoa jani. Kata lililo zima likiwa na kikonyo cha sentimita 3, mkato wa mshazari, lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu na ulifunike kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Mizizi hutoka baada ya wiki 3 hadi 4, miche baada ya miezi 2 au 3. Jani mama likiwa bado zima, likate kikonyo upya ulirudishe mchangani, litazaa tena.