Tunalionea neno falsafa

Wiki mbili zilizopita nilikaa kwenye kikao cha kupokea posa ya binti wa kaka yangu. Orodha ilikuwa imefika katikati: mkaja wa mama umepita, blanketi la bibi limepita, sasa tuko kwenye mahari yenyewe. Kijana mmoja wa ukoo aliyeingia kugawa soda akaomba ruhusa. “Samahani wazee wangu. Hii mahari ni shukrani au ni bei? Maana shukrani hapangiwi mtu kiasi. Na kama ni bei, tunauza nini?” Mzee aliyeongoza kikao akamjibu kwa upole: “Mwanangu, hapa tunaongea maisha. Falsafa peleka chuo.” Watu wakacheka, hesabu ikaendelea.

Mimi sikuweza kucheka, maana jibu lile nalisikia kila mahali. Mtu akizungushazungusha maneno, tunasema analeta falsafa. Kocha akipenda pasi fupi, hiyo ndiyo falsafa yake. Anayeandika msemo mtamu juu ya picha ya machweo anaitwa mwanafalsafa. Neno moja limebebeshwa maneno matupu, mtindo wa kazi na nukuu za asubuhi, mpaka ile kazi yenyewe imebaki bila jina.

Kazi yenyewe ni hii: kuyapima kwa hoja mawazo tunayoishi nayo bila kuyachunguza, kama haki, wema, ukweli, deni, utu. Hiyo ndiyo maana, na haihitaji mzunguko mrefu. Kinachohitaji muda ni tofauti ya falsafa na hekima, kwa sababu hapo ndipo tunapoteleza.

Wagiriki walisema philosophia, yaani kupenda hekima. Masimulizi yao ya kale yanadai Pythagoras ndiye aliyejiita hivyo kwanza, kwa kuwa mwenye hekima, alisema, ni Mungu peke yake. Binadamu anaweza tu kuipenda. Karne ya 9, vitabu vya Wagiriki vilipokuwa vikitafsiriwa Baghdad, Waarabu walikuwa tayari na neno hikma, tena neno lenye heshima ya Qur'ani. Wangeweza kutosheka nalo. Hata hivyo walilichukua lile la kigeni, wakalilainisha likawa falsafa, na al-Kindi akaja kuitwa mwanafalsafa wa Waarabu. Baadaye wapo walioyatumia maneno hayo mawili kama kitu kimoja, lakini yote mawili yalibaki, na Kiswahili kikayapokea yote: hekima na falsafa. Lugha haihifadhi maneno mawili hivihivi.

Tazama mzizi wa hekima. Ni uleule wa hukumu na hakimu, na kwa Kiarabu una pia neno hakama, sehemu ya lijamu inayomzuia farasi asikurupuke. Mwenye hekima basi ni mtu aliyekwisha kujizuia, anayeweza kutoa neno na watu wakatulia. Falsafa ina kupenda ndani yake, na anayependa bado anatafuta. Hekima inafunga mjadala, falsafa inaufungua. Tunazihitaji zote mbili, ila ukimwita kila mzee mwenye methali nyingi mwanafalsafa, umezichanganya.

Aliyelieleza hili vizuri kuliko wote ninaowajua ni Mkenya, Henry Odera Oruka, wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kuanzia miaka ya 1970 yeye na wenzake walikwenda vijijini kuzungumza na wazee ambao wengi wao hawakuwa na elimu ya darasani. Aliwagawa mafungu mawili. Wapo wanaojua mila kwa kina na kuzieleza kwa ufasaha. Hao aliwaheshimu, lakini hakuwaita wanafalsafa. Wapo wengine ambao ukiwauliza mila inasemaje wanakujibu, kisha wanaongeza wenyewe: mimi hapa sikubaliani nayo, na sababu zangu ni hizi. Hao ndio aliowaita wanafalsafa. Walikuwa wakulima na wazee wa ukoo, na waliyokuwa wakiyapima ni ndoa, urithi, kifo, nafasi ya mwanamke nyumbani.

Ndiyo maana ile kauli ya “hapa tunaongea maisha” inaniuma. Socrates, mwanafalsafa Mgiriki aliyehukumiwa kifo Athens mwaka 399 KK, hakuwa na darasa. Alikuwa akisimamisha watu sokoni na kwenye korido za mahakama. Mmoja wao alikuwa njiani kumshtaki baba yake mzazi kwa kifo cha kibarua, akiwa na uhakika kwamba anatenda wema mbele ya miungu. Socrates akamwuliza tu: huo wema ni nini? Hilo lilikuwa jambo la familia, zito kuliko mahari.

Rudi sasa kwenye kikao chetu. Neno mahari ni la Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu ni haki ya mke mwenyewe. Sura An-Nisaa, aya ya 4, inaamuru wapewe wao. Katika makabila mengi ya bara, kinachotolewa kinakwenda kwa baba na ukoo wake, na kinafunga koo mbili. Hivyo ni vitu viwili tofauti tunavyoviita jina moja. Pale sebuleni tulikuwa tunatumia jina la cha kwanza na utaratibu wa cha pili, na hakuna aliyeliona hilo. Nayo Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haikutolewa, kwa hiyo kile tulichokuwa tukikihesabu hakikuwa hata ndicho kinachoifanya ndoa iwe ndoa. Basi ni nini? Kijana alikuwa ameuliza swali hilohilo, huku ameshika kreti ya soda.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno. Anayeongea bila kufika, anazunguka mbuyu. Anayejaza muda, anapiga porojo au soga. Kocha ana mfumo, kampuni ina kaulimbiu, na picha ya machweo ina msemo. Tukiyatumia hayo yanapostahili, falsafa itapata nafasi ya kupumua.

Na kwa mzee wetu, ambaye namheshimu na nitamwambia haya ana kwa ana tukutanapo siku ya sendofu: jina ulilitaja sawasawa, baba. Ile ilikuwa falsafa kweli. Ulipokosea ni kumwambia aipeleke chuo.