Je, wajua kwa nini mlango wa chuo ulikuwa ukifungwa kidato cha pili?

Kila mwanzo wa mwaka, kaskazi imeshika na matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, yametoka, saiba (maduka ya intaneti) za mtaa wa Langoni hapa Lamu hujaa vijana waombao vyuo. Mimi huitwa nikasaidie, kwa kuwa nimewajazia watu fomu miaka mingi na mvi zangu huonekana kama cheti. Mwaka mmoja alikuja kijana wa mtaani, uso umejaa nuru. Amepata B. Ataka uhandisi wa ujenzi. Tukaingia kwenye tovuti, tukabonyeza kozi, ikajibu kwamba hajatimiza masharti. Tukajaribu chuo kingine, jibu likawa lile lile.

"Ami, mbona inanikataa na alama ninazo?"

Nikamuuliza Fizikia alipata ngapi. Akatazama kibao cha herufi kama aliyepoteza ufunguo. "Fizikia niliiacha kidato cha pili."

Basi tovuti haikumkataa siku ile. Ilisoma tu uamuzi alioufanya mwenyewe akiwa na miaka kumi na sita, akaufanya kwa dakika tano. Katika mfumo wa elimu wa 8-4-4, mwanafunzi alianza kidato cha kwanza na masomo mengi, halafu kidato cha pili kilipoisha aliyapunguza yabaki saba au nane. Na aliyapunguza kwa kipimo gani? Mwalimu gani ni mkali, rafiki yake kachagua nini, maabara ya shule ina vifaa au ina meza tupu. Chuo hakikutajwa. Mzazi naye aliletewa habari baadaye, na kwake somo moja kupungua kulikuwa kitabu kimoja kisichonunuliwa, akashukuru.

Mambo hufanyikaje huko mbele? Kazi ya kuwapanga wanafunzi vyuoni ni ya KUCCPS, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ikachukua nafasi ya JAB, bodi ya zamani ya kuwaingiza wanafunzi vyuo vikuu. Haipangi vyuo vikuu peke yake. Vyuo vya ufundi, vya ualimu na KMTC, chuo cha mafunzo ya utabibu, pia vimo. Kwa shahada, kizingiti ni wastani wa C+, yaani pointi 46 kati ya 84. Hesabu yake ni nyepesi: A ni pointi 12, E ni 1, na yanahesabiwa masomo saba. Tangu mtihani wa 2023, saba hayo ni Hisabati, lugha moja, na mengine matano aliyofanya vizuri zaidi.

Wengi hapa kwetu huhesabu mpaka hapo, wakapika biriani. Lakini C+ ni lango la uani tu. Bado hujaingia chumbani.

Kila kozi ya shahada ina masomo yake manne, na hayo manne ndiyo wanafunzi huyaita klasta. Uhandisi hutaka Hisabati, Fizikia na Kemia, pamoja na somo moja jingine. Bila Fizikia hakuna hesabu ya kufanya, hata uwe na A ya Dini na A ya Historia. Udaktari, ambao watu huuogopa zaidi, una nafasi ya kupumua: Biolojia na Kemia ni lazima, lakini Hisabati yaweza kukaa pahala pa Fizikia, halafu lugha. Kwa hiyo aliyeacha Fizikia bado aweza kuwa daktari, ila hawezi kuwa mhandisi. Na sheria? Hutaka B kamili ya Kiingereza au ya Kiswahili. Hili nalisema kwa sauti ya juu kila mwaka, maana kuna vijana wa hapa Amu wanaozungumza Kiswahili cha kutoa mashairi, kisha wanakidharau darasani kwa kudhani hakifungui mlango.

Sasa ngoja nionyeshe klasta inavyouma. Chukulia wanafunzi wawili wa mfano, Zuhura na Husseni, wote wana pointi 60, ambayo ni B. Husseni ana Hisabati 10, Fizikia 10, Kemia 9, Jiografia 9. Jumla ya manne ni 38. Zuhura ana 8 katika Hisabati, Fizikia, Kemia na Biolojia, jumla 32. Pointi zake nyingine zimetoka kwenye Kiswahili, Dini na Historia. Walimu wana njia ya haraka ya kukadiria pointi za klasta: gawanya jumla ya masomo manne kwa 48, zidisha kwa pointi zote ukigawa kwa 84, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Haitalingana sawasawa na hesabu rasmi lakini mwelekeo huonekana. Husseni anatoka na 36.1. Zuhura, 33.1. B moja, shule moja, na pengo la pointi tatu, ambalo kwenye kozi inayogombewa ni umbali wa hapa na Mombasa.

Na ile alama ya kuingilia ambayo kila mtu huitafuta? Vijana huiona kwenye tovuti wakadhani ni sharti lililowekwa na chuo. Sivyo. Fikiria mashua ya kwenda Mokowe yenye nafasi ishirini. Wanapanda kwa mpangilio wa pointi, mwenye nyingi kwanza, mpaka zijae. Pointi za abiria wa ishirini ndizo huandikwa kuwa alama ya kuingilia ya mwaka ule. Mwaka ujao abiria ni wengine, na alama hupanda au kushuka. Kwa hiyo ukiwa nayo pungufu kidogo kuliko ya mwaka jana, bado si dhambi kujaribu. Ukiizidi kidogo, usilale.

Ndiyo maana kuna machaguo zaidi ya moja. Kwa shahada, KUCCPS huruhusu hadi sita. Kosa ninaloliona kila mwaka ni kuzijaza zote sita kwa ndoto: udaktari hapa, udaktari pale, udaktari kule. Mimi humwambia kijana aweke ndoto juu, katikati aweke anachokifikia, na chini kabisa aweke kitu ambacho akipewa hatalia. Mtoto wa Lamu au Malindi asisahau vilivyo karibu. Pwani University iko Kilifi, na ilipata hati yake ya chuo kikuu mwaka 2013, mwaka ule ule na Technical University of Mombasa. Pengine kodi ya chumba Nairobi ndiyo itakayokuzuia kumaliza, wala si masomo.

Zamani kidogo kozi zilijazwa mwanafunzi akiwa bado shuleni, kabla ya mtihani, kisha akarekebisha. Sasa hujazwa matokeo yakishatoka. Ni afadhali kwa upande mmoja, kwani unachagua ukiwa na pointi mkononi. Kwa upande mwingine shule imefungwa kwake, mwalimu hayupo, na kijana amebaki na kijana mwenziwe wa saiba anayelipwa kwa ukurasa. Hapo ndipo mambo huharibika.

Kuna jambo dogo linalowasumbua watu wa pwani kuliko wengine: majina. Mohamed, Mohammed, Muhammad; Fatma na Fatuma; jina la babu limeingia hapa, kule halimo. Usajili wa KCSE huchukua jina la cheti cha kuzaliwa, na nenosiri la kwanza la kuingilia tovuti ya KUCCPS ni namba ya cheti hicho au namba ya KCPE, mtihani wa zamani wa darasa la nane, vile ilivyosajiliwa. Cheti kimeliwa na mchwa, kijana amesimama nje ya mlango wake mwenyewe. Kagua jina mwanzoni mwa kidato cha nne, usajili ungali wazi. Baadaye kulirekebisha ni safari, pesa na miezi.

Pesa nazo zina mlango wao. Tangu 2023, kupewa nafasi na kupewa msaada wa karo ni maombi mawili tofauti. Kuna familia hufurahia barua ya nafasi, zikakaa zikingoja mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, uje wenyewe kama mvua. Hauji, huombwa, kwa mtandao, na una tarehe yake ya mwisho.

Asiyefika C+ naye hajafukuzwa. Stashahada huanzia C-, cheti cha ufundi D, na kutoka stashahada watu hupanda hadi shahada kila siku. Ila hapo pia uliza masomo kwanza, kabla ya kupenda jina la kozi. Bandari ya Lamu ilipofungua gati lake la kwanza Mei 2021, gumzo la barazani lilikuwa kazi za bandarini, na niliowasikia wakiulizia uhandisi wa meli ni wengi kuliko waliokuwa na Fizikia.

Yule kijana wa B alichukua kozi ya mambo ya bahari na uvuvi huko Kilifi. Haisemi vibaya. Ila akipita Mombasa, hulitazama daraja la Nyali kwa muda mrefu kuliko abiria wengine.

KCSE ya mwisho itafanywa 2027, na kidato cha pili cha mwisho kilikuwa cha 2025. Wanaofuata ni wa mtaala mpya wa CBC, ambao huingia darasa la kumi wakiwa wameshachagua njia moja kati ya tatu: ya kwanza ni sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; ya pili sayansi za jamii; ya tatu sanaa na michezo. Wa kwanza wao walichagua mwaka 2025, wakiwa darasa la tisa. Juzi mmoja wa hao, mtoto wa kutoka Faza, kisiwani Pate, aliniuliza njia gani inaelekea kwenye urubani. Sauti bado haijavunjika, ndevu hana hata moja, na fomu anayo mkononi.