Bunduki ya .22: yanayosemwa na yanayoonekana kwenye karatasi

Bunduki ya kaliba .22 (yaani tundu la mtutu lina upana wa takriban sehemu 22 kwa 100 za inchi) ndiyo wengi huanzia kujifunza kulenga shabaha. Haipigi teke begani, risasi zake ni nafuu kuliko za bunduki kubwa, na mita 50 zinatosha kuanika kila kosa la mikono yako. Lakini kwa kuwa ni ndogo, watu huinunua kijuujuu: wanasoma jina lililochongwa kwenye mtutu, wanaishika kidogo dukani, wanalipa. Msimamo wangu ni kwamba bunduki ya shabaha huchaguliwa begani mwa mpigaji na kwenye karatasi yenye matundu, kwingine kote ni maneno. Na maneno yenyewe ni mengi, kwa hiyo naanza na yale yanayoweza kuua mtu.

"Hii ni ya kuchezea tu, haina nguvu"

Risasi ya .22 Long Rifle, ile ya kawaida ya bunduki hizi, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1887, ina uzito wa takriban gramu 2.6. Mtutu ukiinuliwa vya kutosha, kipande hicho kidogo kinaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Kwa karibu kinapenya mwili wa binadamu na kinaua. Tena kina tabia ya kudunda: kikigonga jiwe, maji au ardhi ngumu, kinageuza njia na kwenda usikotarajia. Kopo lililowekwa juu ya ukuta wa mawe si shabaha, ni hatari. Nyuma ya shabaha panatakiwa tuta la udongo laini, refu kwenda juu kuliko kosa kubwa kabisa unaloweza kulifanya.

Mlio nao unadanganya. Ukisikia bunduki kubwa ikipigwa jirani, ya .22 unaiona kama inanong'ona, lakini kwenye sikio la mpigaji inaweza kukaribia desibeli 140, na sikio huharibika bila kuuma. Vaa vikinga masikio hata kama unapiga risasi tano tu. Miwani vilevile, kwa sababu ganda likipasuka hewa ya moto na chembe za baruti hurudi usoni. Ukimaliza, nawa mikono kabla ya kugusa chakula, maana vidole vimeshika madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Kuna jambo moja wanaoanza huwa hawaambiwi. Katika risasi ya .22 fataki, ile kemikali inayowasha baruti ikigongwa, haikai katikati ya kitako cha ganda. Imesambazwa ndani ya ukingo, na mara nyingine husambaa vibaya, hivyo risasi za aina hii hugoma mara nyingi zaidi kuliko za bunduki kubwa. Ukifyatua na kukawa kimya, usifungue boliti (komeo la chuma linaloifungia risasi ndani) kwa haraka. Acha mtutu ukiangalia tuta kwa sekunde 30 au zaidi, kisha toa ile risasi na utazame ukingo wake. Alama ya pini, kile kijiti kinachougonga ukingo, ikiwa imezama vizuri, kosa huenda ni la risasi. Ikiwa ni mkwaruzo tu, chunguza bunduki: pengine spring imechoka, au pini imejaa uchafu.

"Risasi yenye kasi zaidi inapiga sawasawa zaidi"

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Risasi za .22 zinazotangazwa kwa kasi yake hutoka mtutuni zikiizidi sauti, kwa mfano mita 370 au 380 kwa sekunde, halafu hupungua kasi na kuivuka ile ya sauti zikiwa bado njiani. Mahali hapo hutikisika. Risasi za mashindano hutoka na mita 320 hadi 330 hivi kwa sekunde, na kwa kuwa hazikuifikia sauti tangu mwanzo, hazina cha kuvuka. Ndizo zinazotumiwa na wapigaji wa Olimpiki wa mita 50, ambao duara lao la pointi 10 lina upana wa milimita 10.4 tu.

La kushangaza zaidi ni upepo. Mtu hudhani risasi ya kasi huyumbishwa kidogo kwa kuwa inawahi kufika. Kwa .22 mara nyingi ni kinyume, kwa sababu upepo huisukuma risasi kwa kadiri inavyopoteza kasi njiani, na ile ya kasi kubwa ndiyo inayopoteza zaidi. Hata risasi ya mashindano, upepo wa kilomita 16 kwa saa ukiipiga ubavuni huisogeza takriban sentimeta 2 kwa mita 50. Faida ya kweli ya kasi ni kwamba risasi hushuka kidogo zaidi kwa mbali, nayo ni faida ndogo kwa anayepiga karatasi ya mita 50.

"Risasi zote za .22 ni zile zile"

Kwanza, usalama. Ile ya .22 WMR (Winchester Magnum Rimfire), iliyotoka 1959, ina ganda pana zaidi. Haiingii kwenye chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi) ya Long Rifle, na ukiweka Long Rifle kwenye chemba ya WMR inalegea na ganda linaweza kupasuka. Soma maandishi ya mtutuni, kisha nunua kinachotajwa pale na si kingine.

Pili, kila mtutu una risasi unazozikubali. Bunduki mbili pacha, za kiwanda kimoja na muundo mmoja, zinaweza kutofautiana: moja ikakusanya matundu vizuri kwa risasi ambazo nyingine inazitawanya. Bei haitakuambia hili, wala jirani yako. Nunua boksi moja moja za aina nne au tano, ujaribu. Ukipata inayofaa, angalia namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi na ununue akiba ya toleo lilelile, kwa maana toleo linalofuata huenda likaleta matokeo mengine.

"Risasi tatu tundu moja, bunduki imepasi"

Risasi tatu zinaweza kukaa pamoja kwa bahati. Ukitaka ukweli, kaa mezani, laza sehemu ya mbao iliyo mbele ya chemba juu ya mfuko wa mchanga (mtutu wenyewe usiguse kitu), chagua saa ambayo upepo umetulia, na piga risasi tano kwenye karatasi moja. Badilisha karatasi, rudia, mpaka uwe na karatasi tano. Kwenye kila moja pima umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi, kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, kisha tafuta wastani. Ile karatasi nzuri kuliko zote ndiyo watu huipiga picha. Wastani ndio unaokueleza bunduki uliyonayo.

Unapohamia aina nyingine ya risasi, piga kama kumi hivi bila kuzihesabu. Risasi ya .22 imepakwa nta au grisi nje, utaihisi ikinata kwenye vidole unapojaza magazini, na mtutu unahitaji kuizoea ile mpya. Kwa burudani, bunduki ya kawaida inayoweka risasi tano ndani ya sentimeta 2 au 3 kwa mita 50 ni nzuri, na sioni sababu ya kulipa zaidi.

Soma pia sura ya matundu. Yakipangana kwenda juu na chini, mara nyingi kasi ya risasi inabadilikabadilika, au ni pumzi yako. Yakitawanyika kushoto na kulia, fikiria upepo, au kidole kinachovuta kifyatulio upande.

"Mwili utaizoea"

Bunduki ndiyo ikufuate wewe. Hakikisha haina risasi, elekeza mtutu mahali salama, fumba macho, iweke begani ukiwa umetulia, kisha fumbua. Jicho likikuta vilengeo vimenyooka, kitako ni chako. Ukilazimika kunyoosha shingo au kubana kiwiko, tafuta nyingine au kitako kinachorekebishika, hasa kwa kijana au mtu mfupi. Pima na kifyatulio: kikiwa kizito kuliko bunduki yenyewe, kila risasi itavutwa kando. Ila usifyatue kavu, yaani bila risasi ndani, kabla ya kumuuliza mwenye bunduki na kusoma kitabu cha maelekezo yake, maana kwenye baadhi ya bunduki hizi pini hugonga ukingo wa chemba na kuutia kovu. Kwa iliyotumika, mulika ukingo huo kwa tochi kabla ya kulipa, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.

Darubini, mtutu mrefu, nusu otomatiki

Darubini yenye ukuzaji mkubwa humwonyesha mwanafunzi mtetemo wake, haiuondoi. Nyingi za bunduki kubwa zimepangwa kwa umbali wa mita 90 hivi. Ukisogeza jicho kidogo ukilenga mita 50, msalaba wa kulengea unahama kwenye shabaha ingawa bunduki haijaguswa. Nunua iliyopangwa kwa .22, au anza na vilengeo vya chuma, cha mbele kikionekana wazi na shabaha ikiwa na ukungu, na fedha zinazobaki zitumie kwenye risasi.

Mtutu mrefu hauongezi usahihi wenyewe. Baruti ya .22 ni kidogo, na baada ya sentimeta 40 hadi 45 haina tena cha kusukuma. Urefu husaidia vilengeo vya chuma tu, kwa kuviachanisha. Nusu otomatiki, yaani zinazojijaza zenyewe baada ya kila risasi, kama Ruger 10/22 ya tangu 1964, zinaweza kulenga vizuri sana, ila risasi za polepole wakati mwingine hushindwa kuziendesha. Anayejifunza namshauri bunduki ya boliti inayovutwa kwa mkono, kwa kuwa humlazimisha kutulia kabla ya kila risasi.

"Safisha mtutu mpaka ung'ae kila ukipiga"

Mtutu uliosuguliwa hutawanya risasi za kwanza mpaka ile nta irudi ndani. Fimbo ya chuma inayoingizwa kutoka mdomoni huweza kuharibu mdomo wa mtutu kuliko risasi nyingi sana. Chemba na boliti zifute mara kwa mara, kwani masizi hujaa huko. Mtutu wenyewe subiri karatasi ionyeshe matundu yanaanza kuachana, kisha pitisha kitambaa kutoka upande wa chemba.