Chumvi ya Katwe, ndimu moja na swali la mama wa Mpondwe

Jumamosi iliyopita nilikuwa soko la Mpondwe, magharibi mwa Uganda, pale mpakani na Kongo, ambako Kiswahili ndicho kinachouza. Mama mmoja ninayenunua kwake mara kwa mara alikuwa ametandaza chumvi ya Katwe ya aina mbili: nyeupe ya punje ndani ya gunia, na mabonge ya kijivu yanayovunjwa kutoka chini ya ziwa. Kabla sijamaliza kumsalimu akanishika mkono.

"Mwalimu, wewe si unafundisha kemia? Kuna mteja amesema hii yangu si chumvi, ati chumvi ni ile ya paketi. Chumvi si chumvi tu?"

Nikamwomba jirani yake ndimu moja. Nikaikata, nikakamua matone machache juu ya bonge la kijivu. Likatoa povu dogo jeupe, na ukiinamisha sikio unasikia shhh kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Nikachukua chumvi ya paketi kutoka duka la pili, nikaikamulia ndimu ile ile. Ikalowa tu, basi.

"Kumbe yangu ina uhai," akasema mama.

Uhai hapana, ila magadi yamo. Ziwa Katwe limekaa ndani ya kreta ya volkano na halina mto unaotoka. Maji huingia na madini yake, jua huyanyanyua maji peke yake, madini hubaki. Miaka na miaka ya mtindo huo imeacha chumvi ya kawaida, yaani sodiamu kloridi, ikiwa pamoja na magadi, ambayo ni sodiamu kaboneti, pamoja na salfeti na potasiamu. Asidi ya ndimu ikikutana na kaboneti hutoa gesi ya kaboni dioksidi, na hilo ndilo povu tulilolisikia. Ni magadi hayo hayo yanayofanya maharage yaive upesi ukitupia kipande chunguni.

Kwa hiyo bonge la Katwe ni mchanganyiko. Ndoo ya kiangazi na ndoo iliyochotwa baada ya mvua hazilingani. Hata mabonge mawili ya siku moja yanaweza kutofautiana magadi. Lakini ukiitenga sodiamu kloridi iliyomo, ukaisafisha mpaka ibaki yenyewe, kilo moja itakuwa na gramu 393 za sodiamu na gramu 607 za klorini. Ichote Katwe, ichote baharini Mombasa, ichimbe mgodini Ulaya, hesabu ni ile ile. Wanafunzi wangu huandika sentensi hiyo daftarini bila kushtuka. Mimi bado inanishtua.

Kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 jambo hili lilizua ubishi mkubwa. Joseph Proust, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi Hispania, alishikilia kwamba kila kampaundi, yaani kitu kinachoundwa na elementi zilizoungana, ina uwiano wake usiobadilika. Mfaransa mwenzake, Claude Berthollet, akakataa: uwiano unaweza kupanda na kushuka. Na Berthollet hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwaka 1798 alikwenda Misri na msafara wa Napoleon, na huko akaona maziwa ya magadi, ndugu wa Katwe yetu, ambako magadi yalijijenga ukingoni kutokana na chumvi na mawe ya chokaa. Katika maabara za Ulaya mmenyuko ule, yaani badiliko lile la kikemia, ulijulikana kwenda upande wa pili. Kutokana na ziwa lile akang'amua kwamba wingi wa vitu vilivyopo unaweza kuugeuza mmenyuko urudi ulikotoka, na hapo alikuwa sahihi kabisa. Kosa lake lilikuwa kuweka aloi (metali zilizochanganywa), vioo na miyeyusho katika kapu moja na kampaundi. Kwa maneno ya soko la Mpondwe, alilitazama bonge la kijivu akadhani ni kitu kimoja.

Aliyeleta sababu ya uwiano huo kutobadilika ni John Dalton wa Uingereza, katika kitabu alichotoa mwaka 1808: maada imejengwa kwa atomi, chembe ndogo mno, na atomi huungana kwa idadi kamili. Huwezi kuunganisha atomi moja na robo tatu ya nyingine, kama usivyoweza kuuza robo tatu ya mbuzi aliye hai. Katika chumvi kila sodiamu moja ina klorini moja. Atomi ya sodiamu ina uzito wa 23, ya klorini 35.45 kwa wastani, na hapo ndipo zinapotoka 393 na 607. Dalton alidhani atomi zote za elementi moja zina uzito mmoja, hapo alikosea. Klorini zipo za aina mbili, uzito 35 na uzito 37, na katika kila nne kama tatu hivi ni zile nyepesi. Ndiyo maana wastani wake una desimali ile inayowasumbua watoto kwenye mtihani.

Ndani ya atomi kuna kiini chenye protoni na nyutroni, na nje ya kiini kuna elektroni. Jina la elementi linaamuliwa na protoni peke yake: 11 ni sodiamu, 17 ni klorini. Shaba iliyochimbwa Kilembe, juu kidogo ya mji wetu wa Kasese, ni 29, na kobalti iliyotoka katika miamba hiyo hiyo ni 27. Protoni mbili tu, na tayari ni metali nyingine yenye bei nyingine. Kiini chenyewe ni kidogo mno. Ukikikuza kiini cha sodiamu kiwe saizi ya punje ya chumvi, atomi nzima itakuwa na upana wa mita 16 hivi, kama banda refu la soko lenye punje moja katikati.

Tabia, hata hivyo, inatoka kwa elektroni za nje. Sodiamu ina moja huko nje na iko tayari kuitoa. Klorini imepungukiwa moja. Sodiamu tupu ni metali laini, inakatika kwa kisu, na huhifadhiwa ndani ya mafuta. Mwaka wangu wa pili chuoni niliambiwa nikate kipande kama punje ya mchele, nikakata kama harage, nikakitupa kwenye beseni la maji. Kilikimbia juu ya maji kikipiga mluzi, kikawaka njano, kikapasuka. Nyusi zangu zilichukua wiki kadhaa kurudi. Klorini nayo ni gesi ya kijani-njano iliyoua askari vitani mwaka 1915. Sodiamu ikishatoa elektroni yake na klorini ikaipokea, zinakuwa ioni, zote mbili zimetulia, na unazinyunyiza kwenye yai la kuchemsha.

Ioni hizo hujipanga kwa zamu, kila sodiamu imezungukwa na klorini sita, na kila klorini na sodiamu sita. Weka punje za chumvi ya paketi juu ya karatasi nyeusi, uzivute karibu kwa kamera ya simu: utaona visanduku vidogo. Kisanduku chenye upande wa milimita 0.3 kina jozi za sodiamu na klorini kama 600,000,000,000,000,000. Ukizigawa kwa watu wote duniani, bilioni 8, kila mmoja anaondoka na jozi milioni 75. Kwa punje moja.

Klorini hiyo iliyotulia haijatulia kwa kila mtu. Kiwanda kilichojengwa kando ya ziwa hapo zamani hakikudumu kwa sababu maji ya chumvi yaliyala mabomba yake ya chuma. Wanawake wa vidimbwini wanaendelea na majembe na mabeseni.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, huku akimpimia mteja. Kisha: "Sasa ipi ndiyo chumvi ya kweli?"

Nikamwambia hakuna iliyo tupu. Hata ya paketi imetiwa iodini kidogo, na hiyo si uchafu: inazuia uvimbe wa tezi shingoni, na mabonge ya ziwani hayatiwi. Kwa hiyo mabonge ni mazuri kwa mifugo, na chungu cha nyumbani kipate ya paketi.

Nikanunua kilo mbili za mabonge kwa ajili ya mbuzi wa mama mkwe. Kisha nikavuka njia, nikanunua paketi moja kwa jirani. Mama aliniangalia tangu nilipotoka mpaka niliporudi, akanidai na hela ya ndimu.