Sindano ya ganzi ya juu ya matako haimpoozi mtoto

Mtoto ametoka kufanyiwa upasuaji wa ngiri na alichomwa sindano hiyo, saa mbili zimepita, miguu bado imelegea. Mzazi anaambiwa: "Wamemchoma uti wa mgongo, huyo atapooza." Hofu hiyo inaeleweka, lakini si kweli.

Hata kwa mtoto aliyezaliwa leo, uti wa mgongo, yaani mshipa mkuu wa fahamu ulio ndani ya mifupa ya mgongo, huishia karibu na pingili ya 3 ya kiuno. Sindano hii huingia chini sana ya hapo, kwenye kitundu kidogo juu ya mpasuo wa matako. Mtoto huwa ameshalala kwa nusukaputi, maana akikurupuka sindano ikiwa ndani ndipo anapoweza kuumia.

Hatari ya kuogopa zaidi ni dawa kuingia kwenye mshipa wa damu, ikaleta degedege au kusimamisha moyo. Kwa hiyo bomba huvutwa nyuma kwanza. Ikija damu au maji ya uti, sindano inatolewa. Kisha dawa husukumwa kidogokidogo, macho yakiwa kwenye mashine inayoonyesha mapigo ya moyo. Mtoto wa kilo 10 hupewa dawa ya ganzi iitwayo bupivakeini, ya asilimia 0.25, mililita 10, yaani miligramu 25. Huo ndio ukomo wake: mpasuaji asiongeze ganzi nyingine kwenye kidonda!

Ganzi huisha kwa kawaida ndani ya saa 4 hadi 6. Mtoto asisimame peke yake, na kama hakupewa parasetamoli chumba cha upasuaji, apewe miligramu 150 kabla maumivu hayajaanza. Saa hizo zikipita na miguu haichezi, mwite daktari papo hapo.