Mchoro Kurudi Mara Tatu Si Kosa la Mchoraji

Malalamiko yanayofika dirishani kwetu, ofisi ya vibali vya ujenzi hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, tangu masika yaishe ni ya namna moja. Mwenye nyumba analeta ramani, tunaikagua, tunamrudishia ikiwa na alama za wino mwekundu, naye anaondoka akiamini kuwa ama ofisi inamzungusha ama mchoraji wake hajui kazi. Wengi wanadhani, na wala sisemi kwa ubaya, kwamba ubunifu ni kukitoa kichwani kitu kilichokwisha kamilika na kukitia katika karatasi: mteja aseme, mchoraji achore, fundi ajenge. Dhana hiyo imeshatuvunjia dari nyingi.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1962 ulifanyika London mkutano juu ya mbinu za ubunifu, na hamu ya siku zile ilikuwa kuufanya ubunifu ufanane na sayansi: kusanya mahitaji, yachambue, unda jawabu, likague, funga faili. Herbert Simon, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza mwaka 1969 kwamba kubuni ni kutafuta njia miongoni mwa njia nyingi zinazowezekana. Ila alikuwa na neno la busara: binadamu hana muda wala akili ya kuzipitia zote, kwa hivyo huishia kwenye jawabu linalotosha.

Niseme ukweli hapa. Fomu yetu ya maombi imejengwa juu ya fikra za miaka ile. Kisanduku cha kwanza mahitaji, cha pili eneo, cha tatu michoro, cha nne saini. Haiwezi kuwa vinginevyo, kwani ofisi haitoi kibali kwa kitu ambacho bado kinajadiliwa. Lakini fomu ni utaratibu wa ofisi tu, na anayeifanya ndiyo njia ya kubunia nyumba atapotea. Hata Christopher Alexander na J. Christopher Jones, waliokuwa mbele katika harakati zile za kuufanya ubunifu kuwa sayansi, walijitenga nazo miaka ya 1970.

Mwaka 1973 Horst Rittel na Melvin Webber, walimu wa chuo kikuu huko California, waliandika juu ya matatizo tunayoweza kuyaita korofi. Tatizo korofi halina pahala pa kusema "hapa limekwisha". Jawabu lake halihesabiwi kuwa sahihi au kosa, bali huwa afadhali au baya zaidi. Na khasa hili: huwezi kulieleza lote kabla hujaanza kulijaribia jawabu. Wao walikuwa wakizungumzia mipango ya miji na sera za umma, lakini nyumba ya urithi yenye warithi tisa pale mtaa wa Mkunazini haiko mbali na hayo.

Nchini Uingereza, mtafiti Bryan Lawson aliwapa wanafunzi wa sayansi na wa usanifu majengo vipande vya rangi wavipange, huku kukiwa na sharti walilofichwa. Wa sayansi walijaribu vipande vya kila aina ili kwanza wagundue sharti. Wa usanifu walipanga walichokiona kizuri, kikikataliwa wakaleta kinachofuatia kwa uzuri, na sharti wakalijua kwa kukataliwa. Alipowajaribu wanafunzi wapya, tofauti ile hakuiona. Maana yake ni tabia inayotokana na mafunzo, basi msiwatukane vijana wenu wa michoro.

Aliyenigusa zaidi ni mtafiti Jane Darke. Mwaka 1979 alichapisha alichopata kwa kuwahoji wabunifu wa nyumba za umma za Uingereza: hawakuanza na orodha ndefu ya mahitaji. Walishika mapema wazo moja au mawili, kisha wakayapima mengine yote kwa wazo hilo. Mafundi wa Mji Mkongwe hawakuhojiwa na mtu, lakini ukiingia katika nyumba zao unaona walichoshika wao, nacho ni boriti ya mkoko. Boriti haivuki salama zaidi ya mita 3 hivi. Basi chumba kikawa chembamba, kikarefuka. Chumba cha namna hiyo kinataka mwanga na upepo, ikabidi nyumba izunguke ua. Ukuta wa mawe na chokaa ukawa mnene ili ubebe mzigo, na ndani ya unene ule wakachonga vidaka vya kuwekea vyombo. Kijiti kimoja kimeiburura nyumba nzima! Kwa hivyo anayetuandikia "naomba kupanua ukumbi uwe mita 6, mengine yabaki ya asili" ajue kwamba hajaomba badiliko moja. Ameomba nyumba nyengine.

Donald Schön, mwanafalsafa wa Marekani, mwaka 1983 alisimulia kisa cha mwanafunzi wa usanifu aliyekwama na mchoro wa skuli kwenye mteremko, na mwalimu aliyechukua penseli akachora huku akisema. Kwa Schön, mbunifu hufikiri ndani ya kutenda: anachora, mchoro unamjibu, anasikiliza, anachora tena.

Mwezi uliopita alinijia mzee mmoja. Nilipompa shikamoo aliitikia kwa haraka, kisha akaniwekea ramani mezani. "Mwanangu, mara tatu! Anayejua kazi huchora mara tatu?" Alichomwambia mchoraji ni vyumba viwili vya wageni ghorofani na choo. Mchoro wa kwanza ulikiweka choo katikati ya dari, na maji juu ya boriti ni kuoza. Wa pili ulikisogeza kwenye ukuta mnene wa nyuma, ngazi nayo ikahama. Wa tatu ndio uliofichua jambo ambalo mzee hakulitaja: kwa ngazi ile, kila mgeni atapita mbele ya jiko, wanawake wa nyumbani wakipika. Sitara haikuwa katika orodha ya mahitaji kwa sababu kwake ni kitu kisichohitaji kusemwa. Mchoro ndio uliomuuliza.

Sasa utaratibu. Leteni rasimu mapema, hata ya penseli, kwa mashauriano, kabla hamjamlipa mchoraji kazi ya mwisho. Rasimu si maombi, na kuionesha hakukupi ruhusa ya kugusa hata plasta. Maombi rasmi huambatana na uthibitisho wa umiliki, na kama nyumba ni ya warithi, na ridhaa yao kwa maandishi; nyumba ya wakfu ina njia yake kupitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Michoro ioneshe hali iliyopo na hali inayokusudiwa, kila moja kwa karatasi yake. Msizichanganye, tafadhali. Kibali kikishatoka, kinafungamana na mchoro uliogongwa muhuri. Fundi akigundua jambo njiani, na atagundua, kazi ya sehemu hiyo isimame, mchoro urekebishwe, uletwe. Asiyesimama ataandikiwa hati ya kusimamisha ujenzi, na akiendelea anaweza kutakiwa arejeshe hali ya awali kwa gharama zake na kufikishwa mahakamani. Kiwango cha faini kinasomwa katika kanuni, si katika makundi ya WhatsApp. Na "fundi ndiye aliyebadilisha" si utetezi. Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kinachoangaliwa si jumba la kifalme la Beit al Ajaib peke yake.

Mkija kwenye mashauriano, njooni na mama wa nyumba. Mzee yule alikwenda kwa mchoraji peke yake mara tatu. Mara ya nne alifuatana na mkewe, na mlango wa uchochoroni, uliozibwa kwa kabati miaka yote, mke ndiye aliyeutaja: njia ya wageni isiyopita mbele ya jiko.