Dume wa bata mandarini hajafa, amekwenda kunyonyoka
Wiki iliyopita nimeonyeshwa tena kadi ya harusi yenye bata mandarini wawili, chini yake maneno: "Pendaneni kama hawa hadi kifo." Nimekaa miaka mingi na darubini nikihesabu ndege wa majini, na kadi hii sasa imenifika shingoni.

Chanzo chake nakielewa. Wachina humwita yuanyang: yuan ni dume, yang ni jike, wawili ndani ya jina moja. Wakorea huwapa maharusi bata wa kuchonga. Na kweli, majira ya baridi dume habanduki ubavuni mwa jike. Shida ni kwamba watu huwatazama wakati huo tu.

Nenda kwenye mito ya misituni, kaskazini-mashariki mwa China au Japani, mwezi Juni. Jike yumo tunduni mwa mti, anaatamia mayai 9 hadi 12 karibu mwezi mzima, peke yake. Dume huenda akalinda jirani kwa muda, lakini mayai yakianguliwa keshaondoka. Vifaranga hujirusha wenyewe kutoka juu, mama akiwaita chini.

Hapo ndipo watu humwita mama huyo mjane, na hapo ndipo ninapokasirika. Mumewe yu hai! Amepukutisha manyoya yote ya kuchumbia, amevaa ya kijivujivu kama ya jike, na hata yale ya kurukia yamemtoka kwa mkupuo mmoja. Hawezi kuruka, basi hujificha vichakani kando ya maji. Tazama mdomo: wa dume hubaki mwekundu, wa jike ni wa kijivu. Nimewahi kusimama na watu wakimlilia "mjane" ilhali madume watatu wamelala hatua chache kutoka pale.

Jozi huweza kurudiana baridi inayofuata, wote wakiwa hai. Hilo silikatai. Ila bila pete mguuni, dume huyu na yule huwezi kuwatofautisha kwa macho. Katika madaftari yangu ya mwanzo niliandika "jozi ileile" mara nyingi, kwa sababu tu tundu lilikuwa lilelile. Kurasa hizo siziamini tena.

Mwenye kadi nimemshauri aweke bata bukini. Dume wake hulinda kiota, huandamana na vifaranga mpaka wakue, na mwaka unaofuata kwa kawaida utamkuta na jike yuleyule.